Kiti cha Mgeni: Maneno juu ya Kitabu cha Jamaa za Wafipa

Siku hizi twasikia mara nyingi ya kwamba kanisa lapasa kuwa na uso mkunjufu, kusudi kila aingiaye ajione yu nyumbani. Neno hili ni jema, wala hapana mtu wa kulipinga. Lakini neno jema likisemwa kila siku bila kupimwa, mwisho huwa desturi ya mdomo tu. Basi tumeona vema kulipima kwa kitabu kimoja kilichoandikwa juu ya nchi ya Ufipa. Maana katika nchi hiyo, kuliko nyingi za Tanzania, Kanisa lilipata kuwa nyumba ya watu hasa. Twataka kujua lilipataje kuwa hivyo, na kama sisi wa leo tungali twaijua njia hiyo.

Kitabu chenyewe chaitwa Fipa Families, nacho ni kazi ya Bibi Kathleen R. Smythe, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Xavier, Marekani. Kilipigwa chapa mwaka 2006. Chaeleza habari za jamaa za Wafipa na kuingia kwa dini ya Kikatoliki katika nchi ya Nkansi, tangu mwaka 1880 hata mwaka 1960. Kwa msomaji asiyefika huko, na tuseme ya kwamba Ufipa ni nchi ya juu, iliyo baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wake mkubwa, Sumbawanga, uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai mgeni atokaye pwani hutafuta blanketi kabla ya kutafuta chakula. Ni nchi ya wakulima na, zamani, ya wafua chuma waliosifiwa kwa tanuru zao ndefu za udongo.

Mwandishi haanzi na mahubiri ya mapadre wala na amri za serikali. Aanza na swali ambalo wengi wangalidhani ni dogo: mtoto alilala wapi? Atuonyesha ya kwamba mtoto wa Kifipa, akisha kuachishwa ziwa, hakukaa sana katika nyumba ya wazazi wake. Alikwenda kulala kwa bibi au babu, na huko akapata hadithi, adabu na mapenzi ya wazee. Akiisha kukua kidogo alihamia nyumba ya wenzake wa rika, wavulana mbali na wasichana mbali. Hivyo malezi hayakuwa kazi ya baba na mama peke yao. Mtoto alipita katika nyumba nyingi, na kila nyumba ilimwongezea watu wa kuwaita wake.

Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadre Weupe, walipojenga misioni na kuwapokea watoto walale na kujifunza kwao, jambo hilo halikuwa geni kabisa machoni pa Wafipa. Padre na Sista walishika mahali palipokuwapo tangu zamani, mahali pa mzee asiyemzaa mtoto lakini amleaye. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya kitabu: Wafipa hawakuiacha jamaa yao waingie Kanisa, bali walilitia Kanisa ndani ya jamaa yao.

Hoja hii yastahili sifa, na twaitoa bila kusita. Tumezoea kusoma vitabu vya aina mbili juu ya mambo haya. Vingine vyasema ya kwamba watu waliongoka kwa sababu mhubiri alikuwa mtakatifu, vingine vyasema ni kwa sababu walikuwa na hofu au tamaa ya nguo. Katika aina zote mbili mwenyeji hana kazi ila kupokea tu. Bibi Smythe amemrudishia mwenyeji akili yake. Tena hakutegemea karatasi peke yake. Mapadre wa shirika hilo waliwekewa sheria ya kuandika habari za kila siku katika daftari la misioni, na daftari hizo amezisoma. Lakini ameketi pia na wazee wa Ufipa akawasikiliza. Mwenye kuandika historia ya watu bila kuwasikia ni kama mgeni apitaye nje ya ua akitaja majina ya waliomo ndani.

Hapa tupaangalie kwa makini, maana ndipo penye fundisho kwetu. Kardinali Lavigerie, aliyeliunda shirika hilo huko Algiers mwaka 1868, aliwaamuru watu wake mambo matatu. Wasikae katika misioni chini ya watatu. Wajifunze lugha ya nchi. Na mtu mzima atakaye ubatizo afundishwe miaka minne kwanza. Wengi wameisoma sheria hii ya miaka minne kuwa ni ukali. Sisi twaiona pia kwa upande mwingine. Mtu akifika kwako kwa miaka minne, huwezi kukosa kulijua jina lake, na la mama yake, na shamba lake liko wapi, na ni mwaka gani mavuno yalimpotea. Ukaribisho wa zamani ulikuwa wa polepole, na katika upole huo watu walijuana. Ukaribisho wetu wa leo ni wa dakika mbili, kisha twashangaa kwa nini hauzai kitu.

Lakini sifa isiwe pazia. Twaona neno hili "jamaa", linalobeba mzigo mkubwa katika kitabu, laweza kufunika mambo mawili yasiyofanana. Hatuna budi kulisoma pamoja na habari za Karema, misioni iliyokuwa kama mama wa misioni za Ufipa. Karema palikuwa kwanza boma la Wabelgiji, lililojengwa mwaka 1879 kwa ajili ya shirika la mfalme Leopold, na mwaka 1885 Mapadre wakakabidhiwa. Walirithi kuta, na pamoja na kuta wakarithi madaraka: kuamua mashauri, kugawa mashamba, kuagiza kazi. Na wengi wa wakazi wa kwanza wa misioni za ziwani walikuwa watoto waliokombolewa katika biashara ya watumwa. Tendo hilo la kuwakomboa lilikuwa la huruma, nani atalilaumu? Walakini tufikiri tofauti yake. Mtoto wa Nkansi aliyelala misioni, akiona uchungu, aliweza kurudi kwa bibi yake. Mtoto aliyekombolewa hakuwa na bibi wa kumrudia. Wote wawili waliambiwa, "Hapa ni nyumbani kwenu." Kwa yule wa kwanza neno hilo lilikuwa ukaribisho, kwa huyu wa pili lilikuwa habari tu ya jinsi mambo yalivyo, kwa kuwa mlango wa pili haukuwapo.

Basi kipimo chetu cha kwanza ndicho hiki: nyumba yenye mapenzi hujulikana kwa kuwa mtu aweza kutoka na bado apendwe. Mwandishi atupa vitu vyote vya kupimia, lakini sisi tungalipenda alitie neno "jamaa" katika mizani kwa ukali zaidi. Jamaa ina joto, na jamaa ina fimbo. Mwenye kueleza joto asiisahau fimbo.

Wafipa wenyewe waliyajua mambo haya kabla ya padre wala boma. Mwalimu Roy Willis, Mwingereza aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960 na kuandika vitabu kadha wa kadha juu ya nchi hiyo, ameieleza kwa kirefu hadithi yao ya asili. Kwa ufupi ni hii. Mkuu wa Milansi, kijiji cha kale cha wafua chuma, alikwenda safari akamwonya mkewe asiwape wageni kiti chake. Wakaja wageni, wanawake watokao mbali, wa ukoo wa Watwa. Mume hayupo, wakapata kukalia kiti, na kwa kiti wakapata nchi. Mkuu aliporudi aliukuta utawala umekwisha kwenda. Lakini hakufukuzwa, wala damu haikumwagika. Ufalme ukawa wa wageni, na heshima ya kale, yaani madaraka ya mambo matakatifu, ikabaki Milansi.

Tusiipite hadithi hii kama mchezo wa watoto wa jioni. Yatuambia ya kwamba kumpa mgeni kiti ni jambo zito. Anayempa mgeni kiti hasa, si kigoda cha pembeni, lazima akubali ya kuwa nyumba itabadilika. Ndiyo sababu watu wengi hupenda ukaribisho usiogusa kiti. Humpigia mgeni makofi, humpa maneno matamu, na kiti hubaki palepale na mwenyewe. Willis alipohariri pamoja na Signe Howell kitabu juu ya watu wapendao amani, mwaka 1989, aliitia Ufipa humo. Sisi twaiona hadithi ya kiti kuwa mojawapo ya mizizi ya sifa hiyo: watu waliojifunza kugawana nyumba na mgeni bila kuuana.

Sasa tuje kwetu. Bibi Smythe amekoma mwaka 1960, wala hatumlaumu, maana kila kitabu kina mpaka wake. Lakini tangu mwaka ule mambo makubwa yamepita. Misa ya Kilatini iliondoka baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika tangu 1962 hata 1965, na Kiswahili kikashika mahali pake. Mwana wa Ufipa, Polycarp Pengo, aliyezaliwa Mwazye mwaka 1944, alifanywa Kardinali mwaka 1998. Na mwaka 1994, maaskofu wa Afrika walipokutana Roma katika Sinodi, walichagua kuliita Kanisa jamaa ya Mungu. Neno ambalo watu wa Nkansi walikuwa wamelitenda tangu zamani likawa fundisho la bara zima.

Na wageni wa Ufipa wamebadilika pia. Zamani mgeni alikuwa padre mwenye ndevu. Leo ni mfugaji wa Kisukuma aliyehamia mkoani na ng'ombe wake. Ni mwalimu au mwuguzi aliyepewa kazi Namanyere naye hajui neno moja la Kifipa. Ni kijana wa shule apangaye chumba Sumbawanga mjini. Hawa huingia kanisani Jumapili. Wapokewaje?

Desturi iliyoenea ni kusema baada ya matangazo, "Wageni wasimame." Husimama, hutaja jina na mahali watokapo, hupigiwa makofi, huketi. Twasema kwa adabu lakini waziwazi: huu ni ukaribisho wa macho. Mtu mwenye haya huona afadhali asimame nje mpaka matangazo yaishe. Mwingine husimama Jumapili ya kwanza, na Jumapili ya nne hapana aikumbukaye sura yake. Mababu zetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu wengine husoma methali hii kama maneno ya choyo, kana kwamba mwenyeji amechoka kupika. Sivyo. Jembe ni dalili ya kuwa mtu si mgeni tena. Asiyepewa jembe atakula, lakini hatakuwa na neno shambani. Na Mfipa, ambaye hufukia majani katika matuta ili yaoze na kuilisha ardhi, ajua vema ya kwamba shamba si la mtu mpaka jasho lake liingie ndani yake. Mfugaji yule wa Kisukuma, je, amepata kusoma somo altareni? Mwuguzi yule ameombwa kuwafundisha akina mama namna ya kulea watoto wachanga? Kijana yule ameitwa kwenye kwaya, au ameachwa aketi nyuma na simu yake?

Walakini mgeni mkubwa kuliko wote katika nchi hii hakutoka mbali. Wenyeji hueleza ya kwamba maana ya jina Sumbawanga ni "tupa uchawi". Yaani mji wenyewe humwambia kila aingiaye aache mlangoni kitu cha kuwadhuru wenzake. Ni neno zuri la kizingiti. Lakini lina upande wa giza, maana lataka kujua ni nani mwenye kitu hicho. Katika miaka ile ya 1960 Willis aliandika juu ya watu wa Kamcape, walioingia vijijini wakitafuta wachawi, wakawapa watu dawa, na kuahidi ya kwamba kijiji kitakuwa safi na watu watapendana tena. Tuone vema walichokuwa wakiuza: si dawa tu, bali mapatano. Watu waliwapokea kwa sababu walikuwa na kiu ya kukaa pamoja bila kuogopana. Kiu hiyo haijaisha. Lakini mapatano yale yalipatikana kwa kumtoa mtu mmoja mbele za watu na kumnyoshea kidole.

Hata leo yuko bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, ambaye watu humnong'onea. Alibatizwa zamani, huenda kabla ya padre wa sasa kuzaliwa, hakukosa Misa. Lakini benchi aketilo hubaki wazi pande zote mbili. Hakuna atakayetangaza, "Wageni wasimame," naye akasimama. Walakini hapana mgeni kumpita yeye. Kanisa laweza kuwa na kwaya tamu, na walinzi wa mlango wenye tabasamu, na viti vya plastiki vipya, kisha likawa baridi kama mchana wa Julai, kwa sababu ya benchi lile moja.

Itasemwa ya kwamba kazi hii ni ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Ni kweli. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1976 walikubali ya kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya hizo, nyumba chache za majirani wakutanao kila juma, wakisali na kusaidiana. Kwa akili yetu hili lilikuwa kurudia njia ya Nkansi bila kuitaja: dini ilale nyumbani kwa watu, ihame nyumba kwa nyumba kama mtoto yule wa zamani. Mahali inapofanyika vema, mgonjwa hutembelewa kabla padre hajasikia, na mfiwa hupikiwa. Lakini mahali pengi jumuiya imegeuzwa kuwa daftari la michango. Aliyetoa huandikwa, asiyetoa huulizwa, na siku ya kubatiza mtoto au ya kuzika mzee daftari hufunguliwa. Hatusemi michango iondolewe. Nyumba haijengwi kwa maneno. Twasema utaratibu umepinduliwa. Mtu akijuliwa kwanza kwa deni lake, hatajuliwa kwa jina. Na mjane anayeikimbia jumuiya kwa sababu hana shilingi elfu mbili, huyo tumemfukuza kwa kalamu.

Basi twasema nini kwa ufupi juu ya kitabu? Ni kitabu chema, chenye hoja ya kweli na ushahidi wa kutosha, nacho chafaa kusomwa na kila mwalimu, katekista na padre wa nchi za juu. Upungufu wake mkubwa si kosa la mwandishi: kiko katika Kiingereza. Askofu Lechaptois aliandika juu ya Wafipa kwa Kifaransa, katika kitabu kilichotoka mwaka 1913; Willis aliandika kwa Kiingereza, na Bibi Smythe vilevile. Wageni watatu wamewaandika wenyeji kwa bidii na heshima, na wengi wa wenyeji hawawezi kuketi katika masimulizi yao wenyewe. Hapo napo pana kiti cha kupewa mtu. Walimu wa Rukwa, kazi hii ni yenu. Wazee wakumbukao nyumba za rika na maisha ya misioni wanapungua kila masika. Chukueni daftari, mkaandike kwa Kiswahili na kwa Kifipa, kabla maneno hayajafukiwa.

Na juu ya ukaribisho wenyewe, shauri letu si gumu. Katekista na ajue jina la kila mtoto, na la bibi yake. Mgeni asimamishwe mara chache, na atembelewe mara nyingi. Na kabla mwezi haujaisha apewe kazi, hata ikiwa ni kufagia kanisa pamoja na wengine, maana wanaofagia pamoja huzungumza. Jumuiya na ianze na habari za nyumba, wala si na daftari. Mtu akiacha kuja, aendewe na rafiki, asiandikiwe barua ya onyo. Na atakayetaka kujua kama kanisa lake lina joto asiulize wale walio mbele, wala asihesabu makofi. Na aende Jumapili hii mpaka lile benchi lililo wazi, aketi karibu na bibi yule, amwamkie kwa heshima ya mjukuu, na aangalie ni watu wangapi watakaomfuata.